Mji Uliopigwa Pasi

Mara ya kwanza niliiona picha hii nikiwa mwaka wa kwanza, darasa la historia ya usanifu majengo, saa mbili asubuhi, nimekaa nyuma kando ya dirisha lililozibwa kwa karatasi ya manila. Mhadhiri aliirusha ukutani, akasema, "Hii ndiyo Athens," akabonyeza akaenda kwa nyingine. Hakutaja mchoraji. Hakutaja mwaka. Sisi tukaandika kwenye daftari: Athens. Mimi hata niliupiga ukuta picha, nikaiweka kwenye skrini ya simu muhula mzima.

Nadhani niliamini kuna Mgiriki fulani wa zamani alikaa kwenye kilima na karatasi yake akauchora mji wake. Ilinichukua miaka, na kuacha chuo, kujua kwamba ile picha ilichorwa mwaka 1846 na Mjerumani, karibu miaka 2,300 baada ya hekalu la Parthenon kumalizika. Na huyo Mjerumani, Leo von Klenze, hakuwa mchoraji tu. Alikuwa msanifu majengo wa mfalme wa Bavaria. Hapo ndipo picha ilipoanza kunisumbua, kwa sababu wakati huo nami nilikuwa nalipwa kuchora miji ambayo haipo.

Niseme mapema usije ukanidhania mtaalamu: sina digrii. Karo ilinishinda mwaka wa tatu nikatoka na ujuzi mmoja wa kuniwekea ugali mezani, programu za kuchorea majengo kwenye kompyuta. Picha yenyewe iko Munich, kwenye makumbusho ya Neue Pinakothek, na mimi Munich naiona kwenye mpira wa Ulaya peke yake. Ina upana wa karibu mita moja na nusu na kimo cha kama mita moja. Mimi nimeitazama kwenye kioo kilichopasuka kona, nikiivuta kwa vidole viwili. Chukua maoni yangu ukijua hilo.

Kwanza, ni picha nzuri. Sitaki kujifanya. Kuna wahakiki wanaanza kwa kukasirika ili wasionekane wamependa kitu, mimi sina hiyo nguvu. Klenze ametuweka kwa chini, upande wa kilima cha Areopagus, halafu ametuinulia macho. Mbele kuna kivuli, miti na kuta, na watu wadogo waliovaa mashuka ya Kigiriki. Juu yao mwamba wa Acropolis unapokea jua lote. Kuna lango kubwa la Propylaia, kuna mahekalu, na katikati ya yote sanamu ya shaba ya Athena inasimama ikizivuka paa zote, imechorwa dhidi ya anga. Sanamu hiyo ilikuwepo kweli. Ilitengenezwa na Pheidias katika karne ya 5 KK, na msafiri Pausanias aliandika kwamba mabaharia waliokuwa wakitoka upande wa Sounion waliweza kuona ncha ya mkuki wake na kilele cha kofia yake. Klenze alisoma hayo akayatumia. Jicho lako haliwezi kukwepa: linaanza gizani, linapanda ngazi, linaishia kwa Athena. Mtu aliyepanga mwanga hivyo anajua kazi yake.

Na hakukurupuka. Aliijua Acropolis kwa miguu yake. Alikuwa upande wa wale waliosema mahekalu ya Kigiriki yalipakwa rangi, wakati watu wengi wa Ulaya walikuwa bado wanapenda marumaru nyeupe pe kama sabuni. Kwa hiyo mtu akikwambia picha hii ni ndoto tupu, mkatalie. Ni ndoto iliyopimwa kwa rula.

Lakini angalia jina lake. Kwa Kijerumani inaitwa, kwa maana, mandhari kamilifu ya Acropolis na Areopagus. Jina lenyewe linakiri. Hatuonyeshwi mji kama ulivyokuwa siku fulani saa fulani. Tunaonyeshwa mji kama ulivyopaswa kuwa, mji uliopigwa pasi. Hakuna ufa. Hakuna jengo lililofika nusu. Hakuna jukwaa la fundi, hakuna kokoto zilizomwagwa, hakuna ile ngazi ya mbao ambayo kila mjengo duniani unayo. Kila kitu kimekamilika wakati mmoja, kama siku ya kukabidhi funguo.

Acropolis ya ukweli haikuwa hivyo karibu wakati wowote. Parthenon ilianza kujengwa mwaka 447 KK, sanamu zake zikamalizika 432 KK. Propylaia ilianza 437 KK, kazi ikasimama miaka mitano baadaye bila kukamilika vile mchoro wa kwanza ulivyotaka. Hekalu la Erechtheion lilikuwa bado lina mafundi hadi miaka ya mwisho ya karne hiyo. Mwathene aliyezaliwa mwaka ambao Parthenon ilianza angeweza kufika miaka arobaini akiwa bado anasikia nyundo pale juu. Kwa mtu wa Athens wa enzi hiyo, Acropolis ilikuwa mjengo. Sauti yake ilikuwa ya patasi kwenye jiwe.

Na kuhusu huo mjengo tuna kitu ambacho kwangu mimi kinaipita picha ya Klenze kwa uzuri. Ni hesabu. Wathene walichonga kwenye mawe hesabu za kazi ya Erechtheion za kati ya mwaka 409 na 407 KK, nani alilipwa, kwa kazi gani, kiasi gani. Mawe hayo yamebaki vipande vipande. Wasomi wamehesabu mafundi ambao hali yao inaweza kujulikana, wakapata 86. Kati yao raia wa Athens walikuwa 24. Wageni wakaazi, wale wasiokuwa na haki ya kupiga kura, walikuwa 42. Watumwa walikuwa 20. Walifanya kazi bega kwa bega, hata wale wa kuchonga mifereji iliyosimama kwenye nguzo, na malipo ya kawaida yalikuwa drakma moja kwa siku, raia na mtumwa sawasawa. Tofauti ni kwamba ya mtumwa ilikuwa mali ya bwana wake.

Soma tena hizo namba. Raia ndio wachache. Lile jengo tunalofundishwa kuwa ni zawadi ya demokrasia kwa dunia lilichongwa zaidi na watu ambao demokrasia hiyo haikuwahesabu. Haya hayakuwa siri. Yalichongwa kwenye jiwe, hadharani, na walioyachonga hawakuona aibu. Klenze hakuyaweka kwenye picha yake, na sidhani ilikuwa kwa ubaya. Ni kwamba mtu wa drakma moja kwa siku huharibu mandhari.

Sasa nikupeleke mwaka 431 KK, kwa sababu hapo ndipo picha hii inakufa mikononi mwangu kila nikijaribu kuipenda tena.

Vita na Sparta vilikuwa vimeanza. Pericles, aliyekuwa kiongozi, aliwaambia watu wa mashambani waache mashamba yao waingie ndani ya kuta za mji. Wakaingia na watoto, vyombo, hata mbao za nyumba zao walizozing'oa. Mji haukuwa na pa kuwaweka. Mwanahistoria Thucydides, aliyeishi humo wakati huo, anaeleza walikokwenda. Wachache walikuwa na jamaa wa kuwapokea. Wengi walijishikiza kwenye viwanja vitupu na ndani ya mahekalu, isipokuwa Acropolis na machache mengine yaliyofungwa kabisa. Halafu anataja mahali pamoja kwa jina: Pelargikon, ardhi iliyokuwa chini ya Acropolis yenyewe. Ardhi hiyo ilikuwa na laana. Ilikatazwa mtu kuishi pale. Shida ilipozidi, wakaishi pale pale.

Mwaka uliofuata tauni ikaingia. Thucydides anasema wageni hao ndio walioumia zaidi, kwa sababu hawakuwa na nyumba, waliishi kwenye vibanda visivyo na hewa wakati wa joto. Neno la Kigiriki alilotumia ni *kalybai*. Nilipolitafuta maana yake nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Vibanda. Kwa Kiswahili halina tafsiri nyingine. Chini ya mwamba maarufu kuliko yote duniani, wakati Parthenon ni mpya na rangi yake bado inang'aa, kulikuwa na mtaa wa vibanda kwenye ardhi iliyokatazwa, na watu walikuwa wanafia humo.

Tunaye mmoja wao kwa uso. Katikati ya miaka ya 1990, wakati treni ya chini ya ardhi ya Athens inachimbwa, wachimbaji walikuta kaburi la pamoja karibu na makaburi ya zamani ya Kerameikos. Watu walikuwa wametupwa bila utaratibu, na wataalamu wakalihusisha kaburi hilo na ile tauni. Kati ya mifupa kulikuwa na fuvu la msichana wa kama miaka 11. Wanaakiolojia walimpa jina Myrtis, na baadaye wataalamu wakaujenga upya uso wake. Nimeutazama huo uso mara nyingi kama nilivyoitazama picha ya Klenze. Meno yake yamejipanga vibaya kidogo. Anaonekana kama mtoto ambaye ungemtuma dukani akarudi na chenji pungufu na hadithi ndefu. Huo nao ni mchoro wa kihistoria wa Athens, ukiniuliza mimi. Ulitoka chini ya ardhi, na ulianza na mtu mmoja kabla haujafika kwa mji.

Najua utanijibu nini. Utasema mchoraji ana haki ya kuchagua siku. Klenze hakusema anachora mwaka wa tauni. Hakuna picha inayoweza kubeba kila kitu, na mtu anayelaumu picha kwa kile kisichokuwemo anaweza kulaumu picha zote duniani. Ni kweli. Kama Klenze angekuwa mchoraji tu, ningemwachia siku yake nzuri na jua lake na ningekuwa nimemaliza makala haya saa hii.

Shida ni kwamba miaka kumi na miwili kabla ya kuichora picha hii, Klenze alikuwa Athens na mamlaka mkononi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Ugiriki ilipata uhuru kutoka kwa milki ya Osmani, na mataifa makubwa ya Ulaya yakaipa mfalme: Otto, mtoto wa Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria. Alifika mwaka 1833 akiwa na miaka 17. Mwaka 1834 serikali ikahamishia mji mkuu Athens, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo uliovunjwavunjwa na vita. Ludwig akamtuma Klenze, fundi wake mkuu, akaangalie ramani ya mji mpya. Klenze akaibadilisha. Msanifu mwingine mkubwa wa Kijerumani, Schinkel, alikuwa amechora kasri la mfalme juu ya Acropolis yenyewe, bustani na kila kitu, na tushukuru halikujengwa. Klenze alitaka kasri lijengwe kwingine. Alisukuma pia mwamba uache kuwa ngome ya jeshi ulindwe kama mahali pa kale. Hayo ni mema yake, na ni makubwa. Sitayaficha.

Septemba 1834 wakafanya sherehe pale juu, mfalme kijana akiwepo, kufungua kazi ya ukarabati. Klenze akatoa hotuba. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mabaki ya ushenzi yataondolewa, pale na Ugiriki nzima.

Ushenzi gani? Turudi nyuma. Parthenon ilikuwa hekalu la Athena. Baadaye ikawa kanisa, kwa karibu miaka 900. Waosmani walipouchukua mji katika karne ya 15 ikawa msikiti. Mwaka 1687 jeshi la Venice chini ya Morosini liliipiga mzinga wakati Waosmani wameweka baruti ndani, ikalipuka. Baadaye msikiti mdogo ukajengwa katikati ya magofu, na nyumba za askari na familia zao zikaujaa mwamba. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lord Elgin walibomoa sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki, na mwaka 1816 Waingereza wakazinunua, na mpaka leo ziko London. Huo ndio mwamba Klenze aliousimamia: tabaka juu ya tabaka, watu juu ya watu. Yeye akaona tabaka moja ndilo Athens. Yaliyobaki, ushenzi.

Msikiti uliondolewa katika miaka ya 1840, karibu na wakati ambao Klenze anachora picha yetu. Nyumba za mwambani zilikwenda moja moja. Mnara wa enzi za kati uliokuwa kando ya Propylaia ulidumu mpaka miaka ya 1870, nao ukabomolewa. Leo ukipanda Acropolis unaona mahekalu na jiwe tupu, na waongoza watalii wanakwambia hivi ndivyo wazee walivyoiacha. Hapana. Hivi ndivyo michoro ilivyoiacha. Mwamba ulisafishwa ufanane na picha.

Na hapo chini, kwenye mteremko? Wakati kasri la Otto linajengwa, mafundi walikuja kutoka visiwani, wengi kutoka kisiwa kidogo kinaitwa Anafi. Walikuwa wanajenga mchana nyumba ya mfalme, na wenyewe hawakuwa na pa kulala. Kwa hiyo wakajijengea, bila kibali, kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis. Hadithi inayosimuliwa Athens ni kwamba walikuwa wanajenga usiku. Mtaa huo unaitwa Anafiotika. Sehemu yake ilibomolewa baadaye kwa ajili ya utafiti wa mambo ya kale, lakini nyumba kadhaa bado zipo, nyeupe, ndogo, zimebanana, na siku hizi watalii wanazipiga picha kwa sababu zinapendeza. Kwa hiyo mara mbili, kwa umbali wa zaidi ya miaka 2,200, watu wasio na pa kwenda walijishikiza chini ya mwamba ule ule. Michoro mikubwa ya Athens haina nafasi yao.

Nilisema nilikuwa nalipwa kuchora miji ambayo haipo. Nieleze.

Miaka michache iliyopita ofisi moja hapa Nairobi ilinitumia picha ya barabara. Nilijua barabara yenyewe, nilikuwa naishi dakika tano kutoka pale. Kazi ilikuwa kuweka ndani ya picha hiyo jengo la ghorofa kumi na mbili ambalo bado halijajengwa, ili litiwe kwenye bango. Unajua yale mabango. Maagizo yalikuja kwa WhatsApp: weka jengo, ongeza miti, safisha mbele. Mbele kulikuwa na stage ya bodaboda, mtaro wa maji, na kibanda cha mama ambaye kila mtu alimwita mathe. Ndiye aliyekuwa ananikopesha sukuma na nyanya wiki za mwisho wa mwezi.

Nilisafisha. Ilinichukua kama dakika arobaini. Boda zikaenda, mtaro ukawa nyasi, mathe akawa mti wa jakaranda. Nikaongeza mwanamke anayetembea na mbwa, kutoka kwa mkusanyiko wa watu wa bure wa intaneti, watu ambao hawajawahi kukanyaga vumbi. Nikarekebisha mwanga uwe wa jioni, uangukie jengo, kivuli kibaki chini. Nililipwa shilingi 7,500. Kusema ukweli nilijivunia. Ilikuwa kazi safi.

Nilijivunia hadi nikamwonyesha. Nilikuwa nimeenda kununua vitunguu, nikatoa simu. "Mathe, ona kazi yangu." Alipangusa mikono kwa leso, akaishika simu kwa mbali vile watu wa rika lake wanafanya. Aliisifu. Alitambua ukuta wa shule ulio nyuma, akatambua transfoma. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, "Sasa kijana yangu, hapa mimi nimeenda wapi?"

Nikamwambia ni picha tu, mathe. Akasema sawa. Akanipimia vitunguu, akaongeza kimoja juu.

Vibanda viliondolewa mwaka uliofuata, usiku, na tingatinga. Sisemi mchoro wangu ndio uliliita. Karatasi za mambo kama hayo husainiwa mahali ambapo mtu wa 7,500 haingii. Lakini nimewahi kuwaza kwamba kuna mtu alikaa mezani na picha yangu mbele yake, akaona barabara isiyo na mathe, na barabara hiyo ikaonekana ya kawaida. Mimi ndiye niliyempa hayo mazoea. Kabla watu hawajaondolewa barabarani walikuwa wameshaondolewa kwenye karatasi, na karatasi haikupiga kelele.

Ndiyo maana siwezi kumtazama Klenze kama mgeni. Namjua. Tumefanya kazi moja. Yeye alikuwa na mfalme na mimi nilikuwa na namba ya WhatsApp, lakini agizo lilikuwa lile lile: safisha mbele.

Je, kuna namna nyingine ya kuchora mji wa kale? Iko. Tafuta michoro ya Peter Connolly, Mwingereza aliyefariki mwaka 2012, hasa kitabu alichofanya na Hazel Dodge kuhusu miji ya Athens na Roma. Connolly naye ni mtu wa rula. Anapima, anakisia pale ushahidi ulipokatika, na anapenda paa kama Klenze. Tofauti ni kwamba anaingia ndani ya nyumba. Anakuonyesha ua, vyumba, paa limefunguliwa ili uone watu wanavyoishi na kazi zinavyofanyika. Rangi zake hazina ule utukufu. Kuna wakati watu wake wanasimama kama wanasesere. Kama msanii, Klenze anampita mbali. Lakini ukimaliza kumtazama Connolly unajua mji ulikuwa unaamkaje asubuhi, na ukimaliza kumtazama Klenze unajua tu ulikuwa unatazamwaje.

Wengi wenu Athens yenu mmeipata kwa Assassin's Creed Odyssey, ya mwaka 2018. Nami niliicheza, kwa kibanda cha gemu cha jamaa, nikilipa kwa dakika. Mahekalu yake yana rangi, na hadithi inaanza mwaka ule ule wa 431 KK, na tauni imo. Nilipanda juu ya ile sanamu ya Athena kama kila mtu. Kukaa pale juu unaona mji wote na unajisikia mfalme, na hapo nikamkumbuka Klenze tena. Gemu inakupa mtaani, inakuruhusu upite kwenye vichochoro, halafu zawadi yake kubwa ni kukupandisha juu ili vichochoro visionekane. Bado, afadhali gemu. Unaweza kushuka.

Sisemi picha ya Klenze itolewe ukutani. Ningependa siku moja nisimame mbele yake, nione rangi yenyewe na mikwaruzo ya brashi. Ninachotaka ni kidogo tu: inaporushwa ukutani mbele ya watoto wa miaka kumi na tisa ambao kesho watapewa miji ya kuchora, mtu aseme ni ya 1846, na nani aliichora, na alikuwa amebomoa nini. Dakika moja inatosha. Mimi dakika hiyo ingenisaidia.

Faili la ile kazi ya ghorofa kumi na mbili bado ninalo. Juzi nimelifungua. Kwenye programu ile tunachora kwa matabaka, na ukiwa na haraka hufuti kitu, unakizima tu kisionekane. Kumbe sikuwahi kumfuta mathe. Yuko pale, chini ya jakaranda, ameinama kidogo, anapanga nyanya. Niliwasha tabaka lake nikaliacha limewaka, nikahifadhi.